Mhariri, nimekuta gololi ndani ya breki

Mhariri,

Assalaam aleikum. Mimi ni fundi, naishi Nungwi, Kaskazini Unguja. Nilianza na mashine za boti, nikapitia Vespa, na miaka hii kinachoniweka mjini ni kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne zinazowazungusha wageni vijijini. Gazeti lako linanifikia likiwa limeshapita mikono mitatu barazani, na mara nyengine limeshafungiwa kachori, kwa hiyo ukiona najibu jambo la zamani kidogo nisamehe.

Kuna msomaji mwenzangu aliandika kwamba kwadi zimekuwa kero, kwamba vijana wanaoziongoza ni wahuni na wageni wanaozipanda hawajui kuendesha. Habari ya vumbi na kelele simpingi, vumbi hilo hata mimi nalila. Lakini alipofika kwenye ajali akasema sababu ni mwendo tu. Hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza. Mwendo upo, ila una mwenziwe, na huyo mwenziwe nimemweka gereji ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na nati zilizopotelewa na bolti zake.

Mwezi uliopita mpwa wangu, ambaye ni kiongozi wa msafara kwa tajiri mmoja wa huku, alikuwa anarudi kutoka upande wa Kendwa na kwadi tano nyuma yake. Njia yenyewe unaijua kama umewahi kuja: chini mawe makali ya uwanda, juu vumbi jeupe kama unga wa muhogo. Gari la ng'ombe limesheheni kuni likatokeza kichakani. Mpwa akakamata breki, akasimama. Aliyemfuata, mgeni, naye akakamata, tena kwa mikono yote miwili anavyosema mwenyewe, na kwadi yake isisimame. Magurudumu ya nyuma yakafunga, mkia ukazunguka, ikamvaa mpwa kwa ubavu, na mgeni akaokotwa kwenye miba. Alhamdulillahi, ilikuwa goti na kiganja tu. Mzee wa gari la ng'ombe hata hakushuka. Alitizama, akawachapa ng'ombe wake, akaendelea na safari.

Jioni maneno yakawa yale yale: mgeni hajui kuendesha. Tajiri akasema hivyo, vijana wakasema hivyo, na mgeni mwenyewe, masikini, akaomba radhi.

Kesho yake mashine ikaletwa kwangu kunyooshwa chuma cha mbele. Chuma tu, hakuna aliyetaja breki. "Shikamoo mjomba," mpwa akaniambia, "tajiri anaitaka saa nane, ina wageni." Mimi nina mazoea yangu, mashine ikiingia gereji kitu cha kwanza nabana breki. Nikabana mkono wa kulia, ambao ndio wa breki ya mbele. Ulikuwa mgumu kama ukuta, haukwenda hata nusu ya kucha. Asiyejua atafurahi, atasema breki hiyo kali. Nikaiinua mbele, nikaitilia gogo, nikamwambia mpwa abane kwa nguvu zake zote. Nikazungusha gurudumu la kulia kwa kidole. Likazunguka. La kushoto lilikuwa zito kidogo, lakini nalo likazunguka. Mpwa amekunja uso kwa kukaza, mimi nazungusha magurudumu kama mtoto anayechezea tairi bovu.

Breki ngumu isiyoshika ina sababu kadhaa, lakini ikiwa ngumu kiasi kile, mkono haujongei kabisa, basi mafuta ya breki yamezibiwa njia. Nikafungua bolti inayofunga mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta magurudumuni, kwenye masta, yaani pampu ya mafuta iliyo pale juu kwenye usukani. Bolti ikatoka, na ndani ya tundu kikawa kinang'aa kitu. Gololi. Gololi ya beringi ya baiskeli, imekaa sawasawa kwenye mdomo wa tundu, ncha ya bolti inaikandamiza isitoke.

Mpwa akainama akatizama. "Ndivyo zinavyotoka kiwandani, mjomba?"

Nikamwambia hapana mwanangu, hii ni kazi ya fundi mwenzangu.

Nilipofungua magurudumu nikaijua sababu. Kalipa ya kushoto, yaani lile koleo linalozikandamiza pedi kwenye diski ya gurudumu, ilikuwa imevuja mpaka imeloa, na pistoni yake, inayozisukuma pedi, imeganda. Sasa fikiria ni msimu, hoteli zimejaa, spea haipo kisiwani na mpaka ije na boti kutoka Dar es Salaam ni siku ngapi. Tajiri anasema fanya ufanyavyo. Fundi anaziba njia juu kwenye masta, anafuta mafuta yaliyomwagika, anapokea chake. Haivuji tena. Mkono umekuwa mgumu. Anayeijaribu kwa kuibana tu ilipoegeshwa ataapa kuwa imepona. Tangu siku hiyo kwadi ile ina diski moja tu inayofanya kazi, ya nyuma, na kila mgeni anayepandishwa hajui.

Wako pia wanaoiua breki ya mbele kwa imani. Wanasema breki ya mbele inapindua. Imani hii tumekua nayo tangu baiskeli, kila ukoo una mtu wake aliyerushwa juu ya usukani. Ina ukweli wake mdogo: kwenye kona ya mchanga, ukiyafunga magurudumu ya mbele, usukani haukusikii tena, unaupeleka kushoto mashine inakwenda zake moja kwa moja. Hilo linafundishika kwa dakika tano uwanjani. Lakini panda daladala uone dereva anapokamata ghafla abiria wote wanakwenda wapi. Wanakwenda mbele. Na uzito wa kwadi hufanya hivyo hivyo, unahamia magurudumu ya mbele, ya nyuma yanabaki mepesi, na gurudumu jepesi ukilikamata linateleza tu. Ndicho kilichomtokea yule mgeni aliyeomba radhi.

Kwa ruhusa yako, Mhariri, nieleze ninavyoitafuta hitilafu ya breki ya mbele, kwa sababu najua vijana wa misafara wanasoma gazeti hili wakiwangojea wageni wamalize chai. Sisemi wafungue kila kitu wao wenyewe. Nataka wajue mkono wa breki unasema nini, kwa sababu unasema, kama vile mgonjwa anavyomwambia daktari panapouma.

Mkono ukiwa laini kana kwamba unabana sifongo, na ukipampu mara tatu nne unapanda ukawa mzuri, ndani mna upepo. Mafuta hayabanwi, upepo unabanwa, kwa hiyo nguvu ya vidole inaishia kuukandamiza upepo kabla haijazifikia pedi. Hilo mafundi wengi wanalijua na wanatoa upepo. Wanalolisahau ni kuuliza umeingilia wapi. Pengine kikopo cha mafuta kimeachwa kikauka. Pengine mtu alifungua mpira wa breki akarudisha zile washa za shaba kuukuu, ambazo zikishabanwa mara moja hazizibi vizuri mara ya pili. Anayetoa upepo bila ya kutafuta mlango wake ataonana tena na mashine hiyo baada ya wiki.

Kuna laini nyengine inayofanana na hiyo na siyo. Mara ya kwanza mkono unakwenda mpaka unagusa usukani, mara ya pili unashika vizuri kabisa, ukiendesha kidogo inarudia. Unatoa upepo, hakuna upepo. Hii, kwa barabara zetu za mawe, mara nyingi ni beringi ya gurudumu iliyolegea. Diski inayumba, na ikiyumba inazisukuma pedi nyuma, kwa hiyo ukibana mara ya kwanza unazirudisha tu mahali pake. Kamata tairi juu na chini ulitingishe. Likigonga, achana na mafuta, nunua beringi.

Halafu bana, shikilia, hesabu mpaka thelathini. Mkono ukizama taratibu kama ngarawa inayovuja, na chini hakuna hata tone, sili ya ndani ya masta imekwisha. Mafuta yanapita pembeni ya pistoni yanarudi yalikotoka. Hii ni breki ya hatari kuliko inayovuja nje, kwa sababu ukiibana haraka haraka inashika, na mtu anaiamini. Inamwacha siku anapoishikilia kwenye mteremko.

Kuna breki inayogoma kuachia. Unaisukuma mashine nayo ni nzito, au mgeni anarudi anasema inavuta upande mmoja. Baada ya safari natia tone la maji kwenye kila diski, ile inayochemka kuliko mwenziwe ndiyo mgonjwa wangu. Naiinua, nafungua nipeli ya kutolea upepo kwenye kalipa hiyo. Kama mafuta yanaruka na gurudumu linalegea, basi kulikuwa na mafuta yamenaswa, na kosa liko juu. Kama nimefungua na gurudumu bado limekaza, kosa ni kalipa yenyewe, mafuta hayana hatia. Nikiwa nimejua kosa liko juu, naibana breki tena mpaka ikwame, mara hii nalegeza bolti ya kwenye masta. Likilegea, ni masta. Lisipolegea, ni mpira wa breki, ambao kwa nje ni mzima na kwa ndani umeoza, umekuwa kama mlango wa upande mmoja. Mkono wako una nguvu ya kuyapitisha mafuta kwenda, lakini hakuna cha kuyarudisha.

Kwenye masta kuna tundu dogo, dogo kama la sindano ya kushonea, ambalo mafuta hurudia kikopuni ukiachia mkono. Uchafu kidogo unatosha kuliziba. Nimeshakuta mashine iliyobadilishwa kalipa mbili, pedi na diski, fedha nyingi kweli, na kosa lilikuwa takataka ndani ya tundu hilo, nikaitoa kwa uzi mmoja wa waya wa umeme. Na kabla hata ya tundu, tizama kama mkono una nafasi. Mtu akibadilisha mkono uliovunjika akatia wa mashine nyengine, pengine unaisukuma pistoni kidogo muda wote, na tundu halifunguki. Na kikopo kikijazwa pomoni ni hivyo hivyo, mafuta yakipata moto yanatanuka, hayana pa kwenda, breki inajibana yenyewe njiani.

Breki ngumu isiyoshika nimeshaieleza kwa gololi, lakini mara nyingi haina gololi. Ni pedi zilizonyonya mafuta, au pistoni zimeganda, au pini ambazo kalipa inateleza juu yake zimeshika kutu. Kijana mmoja aliniletea pedi alizoziosha kwa petroli akazianika juani kama dagaa. Hazisaidii. Pedi ikishanyonya mafuta itupe, na usibadilishe ya upande mmoja peke yake, kwa sababu mashine itakuvutia upande ulio mpya. Sauti ya chuma kwa chuma, kwarrr, ile sina haja ya kuieleza. Pedi ikibaki kama milimita 1 muda wake umekwisha, na diski yenyewe imepigwa chapa unene wake wa mwisho, namba imo pale pembeni, ipanguse usome.

Za zamani, kama Honda Recon, mbele zina dramu, hazina diski. Hizo kesi yake ni maji yakiingia ndani, ni hadithi nyengine, na siku hizi naziona kwa nadra.

Ninalotaka kukaa nalo zaidi ni chumvi, kwa sababu naona ndiyo inayotumaliza huku pwani na kila mtu anaisingizia China. Mashine inapitishwa ufukweni mgeni apige picha, maji yanaruka, inarudi, inaegeshwa. Asubuhi inakwenda tena. Ndani ya kalipa kuna mfereji mwembamba umekata duara, na ndani ya mfereji kuna sili ya mpira, ya mraba, inaikumbatia pistoni. Ukibana breki, pistoni inatoka na sili inajikunja nayo kidogo. Ukiachia, sili inajinyoosha na kuirudisha pistoni. Kurudi kwenyewe ni kidogo mno, jicho halioni, lakini ndiko kunakoziachanisha pedi na diski. Sasa chumvi ikipita, ile aluminiamu ya mfereji inatoa unga mweupe nyuma ya sili. Unga unajaa, unaisukuma sili, sili inaikaba pistoni. Fundi anatia sili mpya juu ya unga ule ule, anashangaa kuwa hazichukui mwezi. Mimi mfereji naukwangua kwa kijiti cha mwanzi, kwa sababu chuma kinachora, mpaka pembe zake zinakuwa kali na safi, ndipo natia sili. Pistoni ikiwa na vishimo vya kutu, msasa hauiponyi, inataka mpya.

Kuiosha mashine ni dawa, lakini kwa maji baridi ya bomba, yasiyo na chumvi. Kisima changu mimi ukikoga unatoka na chumvi kwenye nyusi, huwezi kuosha kalipa kwa maji hayo ukasema umeosha. Na wale wenye mashine za maji ya kasi wasielekeze mdomo kwenye kalipa, wanayasukumia maji ndani kulikokuwa hakujaingia kitu.

Mafuta ya breki nayo yana hadithi yake. Mapya yana rangi ya asali nyepesi. Ninayoyatoa kwenye kwadi nyingi ni chai ya mkandaa, na chini yake kuna tope. Mafuta haya, DOT 3 na DOT 4, yana tabia ya kunyonya maji hewani, na hewa yetu unaijua. DOT 4 yakiwa mapya lazima yastahimili joto la digrii 230 kabla ya kuchemka, yakishanywa maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango chake kinashuka mpaka 155. Yakichemka ndani ya kalipa yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama upepo: mkono unakwenda mpaka mwisho na mashine inakwenda zake. Ikipoa, breki inarudi nzima, na fundi anaambiwa hakuna kosa, mgeni amesema uongo. Kwadi yenye breki ya nyuma peke yake inafika huko mapema zaidi, diski moja inafanya kazi ya tatu.

Kwa hiyo ndugu wauza spea, chupa iliyofunguliwa ikakaa wiki tatu dirishani bila ya kifuniko msituuzie kwa kipimo. Na msituambie namba kubwa ndiyo nzuri. Mmoja alimpa kijana wangu DOT 5 kwa hoja hiyo. DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki na DOT 3 wala DOT 4, na siyo hiyo DOT 5.1, ambayo ni ndugu yao. Kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kifuniko cha kikopo cha mashine yenyewe, kisomeni. Kuhusu mtu aliyetia oili ya injini kwenye masta kwa sababu "zote ni mafuta", nilipofungua sili zilikuwa zimevimba kama kunde zilizolala majini. Masta, mpira, kalipa mbili, kila chenye mpira kilitupwa.

Nisije nikaonekana najisifu. Mwaka juzi nilitengeneza kalipa mbili kwa mkono wangu, nikazifunga, nikaanza kutoa upepo na kijana wangu wa gereji. "Bana!" "Nimebana!" Nafungua nipeli, nafunga. "Achia!" Tumepiga hivyo tokea asubuhi mpaka adhuhuri, chupa mbili za mafuta zimekwisha, mkono bado sifongo. Nikatumia bomba kubwa la sindano, nikasukuma mafuta kutoka chini kwenda juu, kwa sababu upepo wenyewe unapenda kupanda. Sifongo. Nikafunga mkono na ukanda wa tyubu ya baiskeli ulale umebanwa usiku kucha, ambayo ni hila nzuri, vipovu vidogo vinapata wakati wa kupanda. Asubuhi, sifongo. Nikaanza kuilaani masta. Mke wangu ndiye aliyeleta chai, akasimama anatizama, akauliza mbona huku kidude kinatizama chini. Kidude ni nipeli. Nilifunga kalipa ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, zinakaa vizuri tu, isipokuwa nipeli zinakuwa chini na upepo unajikusanya juu, mahali ambapo hauna pa kutokea hata ukitoa upepo mwaka mzima. Nikazibadilisha, dakika ishirini breki ikawa kama mpya. Mpaka leo nikimwambia jambo la ufundi huniuliza kidude kinatizama wapi.

Ombi langu kwa matajiri ni dogo. Asubuhi, kabla wageni hawajafika, injini imezimwa, kijana aisukume kwadi na abane mkono wa mbele peke yake. Isiposimama, haitoki. Mara moja kwa wiki waiinue mbele, mmoja abane, mwengine azungushe gurudumu moja moja, kwa sababu moja likiwa zima linaweza kumficha mwenziwe. Haichukui hata muda wa kikombe cha kahawa. Na wanaokagua mashine hizi kwa ajili ya vibali wasiishie kwenye taa na honi. Waombe iinuliwe. Mkono mgumu si ushahidi, nimeuona mkono mgumu.

Kwa vijana wa misafara: mgeni akirudi akasema breki haishiki, msimcheke kwa Kiswahili. Ipandeni nyinyi mkaijaribu.

Kwa mafundi wenzangu sina la kuwafundisha wasilolijua. Najua tajiri anapiga simu, najua kodi ya banda. Kama lazima mashine itoke na kalipa haipo, tieni karatasi kwenye usukani imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba breki ya mbele haifanyi kazi, muone kama kuna mtu atampakia mgeni.

Ile kwadi bado iko kwangu, chini ya mwembe, haina magurudumu ya mbele. Kalipa ya kushoto nimeambiwa itakuja na boti ya Alkhamisi. Tajiri ameshanipigia simu mara nne. Mara tatu aliuliza lini. Mara ya nne aliuliza, kwa sauti ya chini, kama ile gololi bado ninayo.

Wako katika kazi,
Fundi wa kwadi,
Nungwi, Kaskazini Unguja